Mwizi wa Mayai

Mwongozaji wa makumbusho hakuwahi kukosa maneno mbele ya wageni, hata wale wanaojua kila kitu. Asubuhi ile, hata hivyo, ulimi ulimnata. Kati ya wanafunzi waliomiminika ukumbini alimwona Chiriku.

Chiriku alikuwa mtoto wa dada yake. Dada alipofariki, mwongozaji alihamia kwa shemeji yake kumlea kichanga, na baadaye sana yeye na shemeji huyo wakaoana. Mtoto aliyajua yote hayo na alimwita Mama, basi, maisha yakaenda. Mpaka wiki iliyopita, jirani asiye na breki mdomoni alipomwambia: “Yule ni mwizi. Alimwibia dada yake mume na mtoto.” Tangu hapo Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kuongea kutwa, akawa bubu nyumbani. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni. Jumamosi angehamia kwa bibi yake.

Walipofika kwenye kabati la mifupa ya dinosaria mwenye mdomo kama wa kasuku, mwongozaji alitamani kulipita. Lakini mvulana mmoja alishasoma kibao.

“Oviraptor! Maana yake nini?”

“Mwizi wa mayai,” mwongozaji alijibu. “Ni Kilatini.”

Darasa zima likacheka. Chiriku hakucheka.

Ikabidi aeleze. Mifupa ya kwanza ilikutwa juu ya kiota. Wataalamu wakadhani mayai ni ya mnyama mwingine, na kwamba huyu alikufa akiiba. Ikapita miaka kama sabini ndipo ndani ya yai kama yale likaonekana kinda, nalo lilikuwa la ukoo wake. Wenzake wengine wakakutwa wamelalia viota, wameyakumbatia mayai.

“Kumbe alikuwa anaatamia!” mvulana alisema. “Sasa mbona hawajambadilishia jina?”

“Jina la kwanza ndilo linalobaki. Ndiyo sheria yao.”

“Wamemwonea,” alinung'unika mwingine.

Kutoka nyuma mkono ukainuka. Ulikuwa wa Chiriku.

“Na kama mayai yasingekuwa yake? Kama mwenyewe alikufa, yeye akaja kuyalalia yasipoe?”

Mwongozaji alishika ukingo wa kabati.

“Asingekuwa mwizi,” alisema. “Na angeyapenda vilevile.”

Chiriku aliinamia kioo, akaitazama mifupa kwa muda mrefu, kisha akawafuata wenzake. Mwongozaji alimaliza ziara kwa mazoea tu. Hata hakukumbuka alisema nini kuhusu tembo wa kale.

Basi la shule lilishawasha injini Chiriku alipogeuka na kurudi mbio mpaka mlangoni.

“Mama, ile sare yangu nyingine imekunjamana vibaya kwenye begi.”

“Imekunjamana?”

“Sana. Utaitoa unipigie pasi? Nitaivaa Jumatatu nikitoka nyumbani.”

“Nitakupigia.”

Mtoto akakimbilia basi, tayari akimgombeza mtu kwa kumkalia kiti. Mwongozaji aliketi kwenye ngazi akashusha pumzi ya wiki nzima. Alicheka peke yake, machozi yakimtoka, na wala hakujali nani anamwona.