Namba Iliyo Nyuma ya Medali

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo hajawika, na upande wa pili wa ukuta Mjomba alikuwa ameshaanza kuisugua medali kwa mswaki na majivu.

Fundi wa cherehani alilala macho wazi gizani, binti yake Kasuku amemganda ubavuni. Kila mwaka, alfajiri ya siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, aliisikia sauti hiyo. Na kila mwaka marehemu mama yake alijifunika shuka gubigubi ili asiisikie. Ndugu wawili walikwenda vitani. Mmoja, baba yake Mjomba, alirudi na medali hiyo kifuani na habari mdomoni: mwenzake katupa bunduki, katoroka. Huyo mwenzake ndiye aliyemzaa mama. Basi mama alikua akiitwa mtoto wa mtoro, akaolewa akiitwa hivyo hivyo, na siku ya kuzikwa kwake Mjomba aliwaambia waombolezaji, eti utani, kwamba huyu leo angalau hawezi kutoroka. Watu wakacheka.

Fundi hakulia siku ile. Aliufunga moyo kama mzigo. Kwa miezi minane, kila alipoifunika cherehani yake, alikwenda ofisi ya kumbukumbu za jeshi kupekua madaftari yaliyoliwa na mende, mpaka mtunza nyaraka akawa anamwekea kiti. Mwishowe jina la babu likaonekana. Askari namba 4417. Alikufa akimvusha majeruhi mtoni. Katunukiwa medali yenye namba hiyo nyuma; imekabidhiwa kwa ndugu yake ampelekee mjane.

Karani wa sherehe alikubali kuliingiza jina kwenye orodha. Lakini orodha haikumtosha Fundi. Alitaka Mjomba aumbuke mchana kweupe, mbele ya wale wale waliocheka makaburini.

Kulipopambazuka Mjomba alibisha hodi, koti mkononi.

"Mama Kasuku, utepe umechakaa. Nishonee mpya, kisha uikaze medali hapa kifuani. Vidole vyangu siku hizi vinacheza ngoma bila kualikwa."

"Lete, Mjomba. Na miwani yako je?"

"Miwani ni ya wazee," alisema, akaenda zake kuoga.

Medali hiyo hakuwahi kumwachia mtu. Fundi aliigeuza. Uso uling'aa kama kioo. Mgongo ulikuwa mweusi tii, miaka yote haujaonja mswaki. Akachota majivu. Kwaru, kwaru. Tarakimu zikajitokeza moja moja: nne, nne, moja, saba.

Moyo ulimruka, kisha ukatulia, ukapoa kama chuma cha asubuhi. Angeweza kuificha. Angeweza kumfuata bafuni amkabe koo. Badala yake aliishona kwenye koti, mgongo ukiwatazama watu, kwa mishono midogo iliyobanana, ile isiyofumuka bila wembe. Mjomba alilivaa koti, akakipapasa kifua, akamsifu mkono wake.

Uwanjani Mjomba alikaa safu ya mbele, amempakata Kasuku, aliyemwita babu, kama kawaida yake kila palipokuwa na mpiga picha. Mtoto alipewa jina hilo kwa sababu tangu aanze darasa la kwanza hakupita mlango wala gari bila kuitangaza namba yake. Fundi alisimama nyuma yao na nakala ya daftari, hotuba ameipanga neno kwa neno.

Karani alisoma kama ilivyo desturi: namba, kisha jina, na ndugu wa marehemu husimama.

"Nne, nne, moja, saba."

Jina la babu likafuata. Minong'ono ikazagaa: si ndiye yule mtoro? Mjomba aligeuza shingo, akacheka puani.

"Siku hizi hata watoro wanasomewa?"

Fundi alifungua mdomo. Maneno yote ya miezi minane yakamgomea. Uwanja mzima ulimngoja ndugu wa mtu huyo asimame.

Kasuku alikiweka kidole juu ya medali, akakipitisha kwenye tarakimu, polepole, mpaka ya mwisho. Akainua uso kumtazama karani.

"Namba hiyo anayo babu kifuani."