Nanga, Baura na Ngumi za Mashemeji

Kamba ilikatika mto ukiwa umefura pomoni, na Nyundo, fundi chuma aliyekuwa akiishi na kufua vyuma vyake juu ya tishari kuukuu la mizigo, akaona nyumba, karakana na tanuri vinaanza safari bila kumuaga. Mbele kulikuwa na daraja. Nguzo zake za zege zilikwisha kusaga vyombo vikubwa kuliko hicho bila hata kujikuna.

"Shemeji, tupa nanga!"

Kaka wa mkewe, baharia mstaafu waliyemwita Chumvi, akakimbilia chuma chake chenye mikono miwili. Nyundo akamdaka ukosi wa shati.

"Nimesema nanga! Hiyo ndiyo nanga?"

"Hii baura, we kichwa ngumu! Nanga yako ina kucha nne, inataka mwamba wa kung'ang'ania. Hapa chini tope tupu. Baura inalala, inachimba, inazama. Miaka yote unaziita jina moja, kama mtu asiyejua kuku na bata!"

"Nanga nimeifua mwenyewe!"

"Basi ioe!"

Nyundo akampiga kichwa cha pua. Damu ikaruka hadi kwenye mvukuto. Chumvi akamng'ata sikio, akaondoka na kipande, akakitemea mtoni. Wakabingirishana juu ya makaa, mashati yakashika moto, wakayazima kwa makofi ya kupigana. Mwishowe Nyundo akauponda mkono wa shemeji yake kwa koleo, mfupa ukalia kama ukuni mkavu, naye akaitosa nanga yake.

Ikapita kwenye tope kama uma kwenye uji. Tishari likazidi kukimbia.

Sasa hata nyufa za nguzo zilionekana. Baura ilitaka watu wawili kuinyanyua, na mmoja wao alikuwa amebaki na mkono mmoja.

"Shemeji, nakuomba. Kwa heshima ya dada yako."

"Dada yangu angekuzamisha."

Lakini akaweka bega. Wakasukuma. Mnyororo ukakimbia kwa kishindo, ukamchuna Nyundo muundi wa mguu kama anayemenya muhogo. Kisha baura ikauma. Tishari likasimama ghafla. Tanuri halikusimama: liliruka, likapasukia nguzoni. Karakana ikabaki ikitikisika, umbali wa kutema mate kutoka kwenye nguzo.

"Haya," Chumvi akahema, "iite jina lake."

"Nitaiita hata mama mkwe, maadamu imeshika."

Mama mkwe huyo ndiye aliyemzaa Chumvi. Mkono uliobaki mzima ukafanya kazi yake.