Namba Nyuma ya Hita

Kutu ilipobanduka, namba zilijitokeza moja moja, kama watu wanaotoka mafichoni mikono juu. Darius alizipangusa kwa kitambaa, akasogeza tochi, akazisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha akazunguka upande wa dereva, akainamia kioo cha mbele na kukisoma kibati kidogo kilichopigiliwa ribiti juu ya dashibodi. Akarudi. Akasoma tena. Gari moja lilikuwa na namba mbili za kiwandani, na namba hizo, zilizopaswa kufanana, hazikujuana.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Arlington. Mlango wa gereji ulikuwa wazi na jua la Texas lilishaanza kuila sakafu. Ng'ambo ya barabara jirani alikuwa akimwagilia nyasi. Akapunga mkono kama ilivyo ada yake. Darius naye akapunga, akatabasamu, kisha akabonyeza kitufe na mlango ukashuka taratibu baina yao. Alibaki kwenye kiza na lile gari, akijiuliza kwa nini amejifungia kama mtu aliyekwisha kutenda kosa.

Lilikuwa Chevelle ya mwaka 1970, milango miwili, boneti pana kama meza ya harusi, moja ya yale magari yaliyoundwa zama ambazo Wamarekani walishindana kwa ngurumo za injini. Njoroge ndiye aliyelileta kutoka Houston miezi saba nyuma, juu ya trela, chini ya turubai, kutu imelitoboa kama nondo walioingia sandukuni. Njoroge alikuwa dereva wa lori, Mkenya wa Nakuru, mwenye maneno mengi na vicheko vingi zaidi. Walijuana kwenye harusi moja, pale mgeni mmoja aliporudisha gari lake nyuma bila kuangalia na kuubonyeza mlango wa pikapu ya Njoroge. Darius aliomba maji ya moto jikoni, akaumwagia mlango, akaupiga kwa kiganja mara mbili, na bati likarudi mahali pake kwa mlio kama wa mtu anayegutuka usingizini. Tangu siku hiyo Njoroge hakumwacha.

Kunyoosha bodi Darius alijifunza utotoni, katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, kwa fundi wa Kikongo ambaye hakuwahi kumsifu hata mara moja. Huku Marekani hakuna aliyemwuliza mikono yake inajua nini. Siku tano za juma ilibeba maboksi katika ghala huko Fort Worth. Jumamosi, mbele ya ile Chevelle, ilirudi nyumbani. Mkewe Emérance aliliona hilo kabla yake. "Siku hizi unapiga mluzi," alimwambia.

Na sasa hii: namba za gari la wizi.

Aliketi juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, na mambo aliyoyapuuza kwa miezi saba yakaanza kumjia, kila moja likivuta jingine. Kwanza ile hita. Ilikuwa boksi jeusi lililofungwa kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na viti, na kila alipotaka kulifungua, Njoroge alimzuia. "Achana na hiyo, Baba Ella. Iko sawa kabisa. Tusitafute kazi mahali haiko, bana." Leo tu, kwa kuwa Njoroge alikuwa safarini na maji yalikuwa yakivuja miguuni, Darius alilifungua. Zile simu je? Njoroge alikuwa akitoka nje kuzipokea, akatembea mpaka mwisho wa uzio na kugeuza mgongo. Safari za Houston nazo, kila baada ya wiki mbili, hata wiki ambazo lori lake limeegeshwa. Halafu hati ya gari. Walikubaliana gari ni la wote wawili, lakini jina lililoandikwa lilikuwa moja tu, la Njoroge. "Makaratasi ni yangu, kazi ni yako," alisema akicheka, na Darius alicheka pamoja naye.

Hakucheka sasa. Jina la Njoroge lilikuwa kwenye karatasi, na gari lilikuwa ndani ya nyumba ya Darius. Wakija wenye kuuliza, watabisha mlango wa nani?

Mahojiano yake ya uraia yalikuwa yamebaki wiki tano. Miaka kumi na moja aliyasubiri. Katika fomu kulikuwa na swali ambalo bintiye Ella alimsomea mara mbili: Je, umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwalo? Alijibu hapana bila kupepesa. Sasa swali hilo lilimkalia kooni kama mwiba wa samaki. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na alipolisema hilo akaona limemtosha, hakuhitaji ushahidi mwingine.

Jumapili alimwona Njoroge, amerudi, akipiga hodi na mfuko wa maembe. Darius alimwambia ana homa. Njoroge alimtazama kidogo, akaweka maembe kizingitini, akasema, "Pole, ndugu yangu. Gari itangoja." Hata pole ile ilimtia mashaka.

Jumatatu, saa ya chakula, alisimama katikati ya uwanja wa maegesho wa ghala, akapiga simu kwa kitengo cha polisi kinachoshughulikia magari ya wizi. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Aliuliza namba zote mbili, Darius akazisoma kwenye kiganja alikoziandika. Aliuliza gari liko wapi, akamtajia. Akauliza mwenye gari ni nani.

Darius aligeuka. Lori lilikuwa likirudi nyuma kuelekea mlango wa ghala, likilia kwa vipindi.

"Anaitwa Njoroge," alisema, akalitamka herufi kwa herufi.

Mwanamke akamshukuru. Afisa angefika Jumatatu ifuatayo kulitazama. Darius alitarajia kupumua. Badala yake alirudi kwenye maboksi na kuyabeba mpaka jioni kama mtu anayekimbizwa.

Siku mbili baadaye alimweleza Emérance habari za namba, lakini habari ya ile simu aliimeza. Emérance alikuwa ametoka kazini, kwenye nyumba ya wazee, bado amevaa sare. Alimsikiliza huku akivua viatu.

"Umemwuliza?"

"Mwizi huulizwa, Mama Ella?"

"Mwizi hushtakiwa. Rafiki huulizwa." Alisugua kisigino chake. "Amua kwanza huyu ni yupi."

Darius aliangalia pembeni. Hakuweza kumwambia kwamba alikwisha kuamua, tena kwa simu, tena wakati wa mapumziko ya nusu saa.

Jumamosi iliyofuata aliondoka alfajiri. Katika bahasha ya karatasi za gari palikuwa na risiti ya mkono yenye anwani ya aliyeliuza, mtaa mmoja wa kaskazini mwa Houston. Alijiambia anakwenda kutafuta ukweli. Ndani yake alijua anakwenda kutafuta kitu cha kuihalalisha ile simu. Barabara ilinyooka mbele yake saa baada ya saa, malisho kisha misonobari. Alipopita Huntsville, mji wa magereza, alipunguza mwendo bila sababu, mikono yote miwili kwenye usukani.

Nyumba ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali, na nyasi zake zilikuwa zimekatwa karibuni. Aliyefungua alikuwa bibi wa Kimarekani, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Jina lake Loretta. Darius alijitambulisha kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, akijiandaa kuona mtu akibadilika sura.

Bibi alibadilika sura kweli. Uso ulimng'aa.

"Wewe ndiye mwenye mikono!" alisema. "Ingia. Njoroge hakuniambia kwamba utakuja. Yeye atakuja wiki ijayo, nilidhani mtakuja wote."

Sebuleni, juu ya friji ndogo, zilipangwa picha zilizochapishwa za ile Chevelle: mlango kabla ya kunyooshwa, mlango baada ya kunyooshwa, na picha moja ya Darius mwenyewe, mgongo tu, ameinama na mashine ya msasa. Hakujua kwamba alipigwa picha. Alijitazama mgongo wake kwa muda mrefu.

"Nimeona namba," alisema hatimaye, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuanza. "Nyuma ya hita."

Loretta aliketi. Hakushtuka, alichoka tu, kama mtu aliyeombwa kufungua chumba asichopenda kuingia. Alimsimulia polepole. Mwanawe Curtis alikuwa na Chevelle, akaipasua kwenye nguzo ya daraja akiwa na miaka ishirini na mbili, akafa yeye na gari lake. Baba yake hakulia. Alinunua bodi nyingine tupu kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akang'oa kibati cha gari la mwanawe na kukipigilia kwenye bodi ile, akaiweka uani, na kila jioni kwa miaka mingi akaketi ndani yake bila kuwasha chochote. "Nilimwambia ni kosa kisheria," Loretta alisema. "Akaniambia, basi waje wamkamate Curtis."

Darius akauliza, "Njoroge alijua?"

"Nilimwambia kabla hajalipakia. Sikutaka mtu adanganywe nyumbani kwangu." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Akafikiri sana. Akasema ana mwenzake fundi, hakuna mwingine wa kulifufua ila yeye, lakini mwenzake huyo ana mtihani wa serikali na lazima abaki safi. Akasema ataandika jina lake peke yake, ili likitokea la kutokea limkute yeye. Halafu mkimaliza, ataniletea nisikie linanguruma, kisha atakwenda mwenyewe kwa wakubwa kuzungumzia namba. Mimi nilimwambia atangulie huko kwanza. Mkaidi yule! Nikimpigia simu anakuja, anakata nyasi zangu, nikimlipa anakataa. Ananiambia mama yake alifariki Nakuru naye hana karatasi za kumwezesha kwenda kumzika na kurudi."

Darius alikaa na kikombe cha kahawa mkononi mpaka kikapoa. Yale yote aliyoyahesabu dhidi ya mwenzake, simu, safari, hati, yalikuwa mbele yake yamegeuzwa upande wa pili, kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Hata hivyo shaka haikufa papo hapo. Ilimnong'oneza: alikudanganya lakini. Miezi saba alikuweka karibu na moto bila kukwambia ni moto. Na shaka haikusema uongo. Ila chini yake palikuwa na neno jingine lililomwunguza zaidi, nalo lilikuwa lile jina alilolitamka herufi kwa herufi. Hana karatasi. Hakujua. Hakuwahi kumwuliza.

Kwenye kituo cha mafuta alipiga ile namba ya kitengo. Iliita, ikaita, ikapokelewa na mashine iliyomtakia mwisho mwema wa juma.

Alifika Arlington alasiri. Njoroge alikuwa gerejini, glasi ya chai juu ya boneti, akisugua ukingo wa mlango kwa msasa wa maji. Emérance ndiye aliyemfungulia.

"Umepona homa?" Njoroge aliuliza bila kugeuka.

"Nimetoka kwa Loretta."

Msasa ukasimama. Kisha ukaendelea, mara tatu, nne, ukasimama tena.

"Basi umejua."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekataa." Njoroge aligeuka sasa, na Darius aliona kwamba uso usio na kicheko ulimzeesha. "Nilikudanganya, ndiyo. Niliitaka mikono yako. Nikajiambia nimekulinda vya kutosha na ile karatasi. Pengine sikukulinda. Ukitaka kunitukana, tukana, Baba Ella, nitanyamaza."

Darius angependa kutukana. Ingekuwa rahisi. "Nilipiga simu," alisema. "Jumatatu. Polisi wanakuja kesho kutwa."

Njoroge alimtazama kana kwamba anasubiri sentensi iishe.

"Walikuuliza ni la nani?"

"Waliniuliza."

"Na ukasema."

"Nikasema. Sikujua kama huna karatasi."

Njoroge alichukua kitambaa, akafuta vidole kimoja kimoja, akavifuta tena vilipokuwa vimekwisha kuwa safi. Nje kulisikika Ella akicheka na simu yake kwa Kiingereza. Darius alitaka kumwambia ondoka, una siku nzima na nusu, lori lako liko pale, chukua barabara yoyote. Alitaka pia kumwambia baki, mimi nitasimama nao, nitawaeleza yote kwa jina langu na wiki zangu tano. Yote mawili yalimfika kwenye ulimi, na hakujua lipi ni wema na lipi ni njia nyingine ya kujiokoa.

"Nisaidie tulitoe nje," Njoroge akasema.

"Kwa nini?"

"Wakija wasilikute limefichwa. Hatukuliiba." Alikwisha kulegeza breki ya mkono. "Wewe shika upande huo."

Mlango wa gereji uliinuka. Joto la alasiri likaingia kama mtu aliyekuwa akisubiri kualikwa. Darius aliweka bega kwenye nguzo ya mlango wa kulia. Njoroge, mkono mmoja ndani kwenye usukani, alishika upande wa kushoto. Paa lilikuwa baina yao, la bati tupu lililosuguliwa likang'aa, na juu yake Darius aliona utosi wa mwenzake tu. Uso hakuuona.

"Tayari?" aliuliza.

Hakujibiwa. Akakanyaga sakafu, akasukuma. Kwa kitambo gari lilikataa, zito kama nyumba, na Darius hakuweza kujua kama yule wa upande wa pili anasukuma naye au ameweka mkono tu. Kisha magurudumu yakakwaruza, yakageuka, na pua ndefu ya Chevelle ikaanza kutoka polepole kwenye jua.