Jumamosi ya Bhoke

Sasa na mimi wananitaka nisimame niseme, kana kwamba habari za nyumbani kwangu ni tangazo la chanjo ya mbwa, Mchungaji Makoye amekwisha kunitaja mbele ya askofu mgeni, amesema baada ya Elieth anafuata Bibi Mokami, atatueleza jinsi Bwana alivyomwongoza kulichagua kanisa hili, kwa kifupi, bibi, dakika tatu tu, anasema na kucheka, dakika tatu, mtu wa miaka sabini na mbili, kunyoosha magoti peke yake kunachukua mbili... na Elieth ameishika maiki kama amekamata jogoo wa watu, "Bwana asifiwe sana, ng'ombe wangu alikuwa hali wala hanywi," na Elieth akianzia kwa ng'ombe najua tutapita kwa shemeji yake na kwa daktari wa mifugo kabla hatujafika kwa Yesu, basi nina nafasi, nifunge kilemba, nifikirie niseme nini, maana hapa wanataka ndoto, kila anayesimama ameota, Veneranda aliota mwanga unashuka juu ya bati la kanisa, Waitara, mlevi yule wa zamani, alisikia sauti inamwita majina yake yote matatu kama polisi, mimi sikuota kitu, mimi nikilala nalala... ukweli ni kwamba kanisa nililichagua kama ninavyochagua dume mnadani, unalizunguka, unatazama meno, unalitembeza uone miguu, maneno ya dalali unayaacha yapite, na madalali walikuwepo, Yesu anisamehe, maana makanisa manne ya hapa Nyansurura yalichangishana kumleta mhubiri mmoja, mkutano ukafanyika uwanja wa mnada, mimi na Bhoke tukatoka mbele pamoja, yeye akalia, mimi sikulia kwa sababu silii, ila kitu kilinitoka begani, hilo sidanganyi, nilirudi nyumbani mwepesi kama nimetua debe la maji, ugoro wangu nikautupa chooni na kopo lake, nikawa nacheka njia nzima, Bhoke akauliza, "Mama, unacheka nini?" nikamwambia sijui, na kweli sikujua, mpaka leo nikikumbuka nacheka, kama sasa hivi, huyu Getruda aliyekaa pembeni yangu ananitazama, anafikiri nimeguswa na ushuhuda wa Elieth, "...nikampigia shemeji yangu," anasema Elieth, si nilisema...

Wiki ile ile watu wa makanisa yote manne walipita kwangu, mmoja mmoja, kila mmoja na daftari lake la majina, na kila mmoja akanywa uji wangu, na kila mmoja akafika pale pale, "Na huyu dada ni nani?" nami nikajibu ilivyo, huyu ni Bhoke, nilimwoa mimi, Mungu alinipa mabinti watatu na mtoto wa kiume hakunipa, mabinti wakaolewa, mume akafa, nikabaki na mbwa, basi nikachukua ng'ombe wa mahari ya mabinti nikaoa msichana awe mkwe wangu, mke wa mwana nisiyemzaa, azae kwa jina la mji wangu, kwetu Wakurya hilo halina ajabu, anayelishangaa ni mgeni, na wajukuu ninao wanne, "Baba yao nani?" akauliza yule wa kanisa la bati jekundu, amevaa suti jua lote lile, nikamwambia baba yao ni ng'ombe kumi na mmoja, akafunga daftari, akasema mama, ukitaka kuingia kwetu mrudishe huyu binti kwao kwanza, nikamwambia uji umekwisha, baba, safari njema... wa Anglikana alikuwa mzee Nyamhanga, mtu mpole, yeye akasema tutaongea, hakuna haraka, lakini nikauliza kwenu mnabatiza namna gani, akasema tunamimina maji kichwani, nikajitazama, miaka sabini na mbili ya ulimi huu, maji ya kikombe kimoja yatafika wapi... Wasabato nao wasafi, wanaimba vizuri hata mbuzi wanasimama kusikiliza, ila Jumamosi hawashiki kazi, nikawaambia ng'ombe wangu hawajui kalenda, wakacheka, wakasema tutakuombea, mama... nilikuwa nafurahia, wacha niseme, tangu lini wanaume wanne wanabembeleza mwanamke mzee, nilijiona mchumba...

Makoye akaja wa mwisho, na baiskeli, suruali ina matope mpaka magotini, Msukuma, alikuja Nyangoto kuchimba dhahabu, akaokokea shimoni, dhahabu hakupata, akapewa kanisa letu hili la udongo, nilikuwa nimeshamnolea ulimi, nikamwambia kabla hajauliza, huyu ni Bhoke, nilimwoa mimi, uji ukampalia, "Wewe, bibi?" nikasema mimi, kwani kwenu Usukumani ng'ombe wa mwanamke wana kilema, akacheka mpaka akaweka bakuli chini, Biblia hakufungua, akamgeukia Bhoke aliyekuwa anapepeta ulezi, akasema, "Na wewe, dada, ungependa kusali wapi?" nikajibu mimi, nikasema atasali nitakaposali, naye, mtu aliyekaa chini ya mti wangu na kunywa uji wangu, akasema, "Bibi, nimemuuliza yeye"... ungo ukasimama, kuku wakaja wakala ulezi ulioanguka na Bhoke hakuwafukuza, akasema pole pole, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira, "Sijawahi kuulizwa kitu katika mji huu"... nilimfukuza Makoye, nilimwambia rudi shimoni kwako, akaondoka anasukuma baiskeli, na siku tatu chakula hakikushuka, kwa sababu mimi si mjinga, darasa la pili niliishia lakini hesabu ile niliiona, mtu ukimuuliza atasali wapi umemfungulia mlango, kesho atauliza kuhusu siku ile ng'ombe walipokwenda kwao, siku ambayo baba yake alisema ndiyo na mimi nikasema ndiyo na yeye alikuwa jikoni, na akipita mlango ule na wajukuu wangu wanne wanamfuata, mimi nabaki tena na mbwa, na sasa hivi mbwa mwenyewe amezeeka...

"...daktari akasema mama Elieth, huyu hafiki kesho," anasema Elieth, watu wanasema yuuu, askofu anatikisa kichwa, endelea mwanangu, chelewa kabisa... siku ya nne tukiwa shambani tunapalilia nikamwuliza, sikumtazama, niliuliza huku nimeinamia mhogo, Bhoke, unataka nini, akasema, "Kuhusu kanisa?" nikasema kuhusu kanisa, na mengine, akasimamisha jembe, akasema, "Mama, kama ni kuondoka ningeondoka mwaka ule wa njaa, ulipokuwa unanitukana kutwa. Hapa ni kwangu, nimezaa hapa, nimepanda ile migomba. Ila Jumamosi nataka niende kwa Wasabato. Wana darasa, kila mtu anasoma kwa zamu, na mwanamke anasoma, hakuna anayemnyang'anya kitabu. Na siku moja katika wiki nisiwe mkwe wa mtu," nikauliza na kazi za Jumamosi je, akasema, "Hilo ni lako sasa, Mama," akaendelea kupalilia, na mimi nikapalilia, nikakata mihogo mizuri miwili kwa sababu macho yalikuwa na jasho, jasho, nimesema... jioni ile ile nikamtuma mjukuu mkubwa kwa Makoye kumwambia nimechagua kanisa, ni lako, usijisifu, nimechagua kwa sababu wenzako wote waliuliza kisha wakajijibu, wewe uliuliza ukasubiri, na kwa sababu ya ngoma pia, na maji mengi, alinizamisha kule bwawa la Manchira mpaka nikaona samaki, nikatoka napiga vigelegele mwenyewe, sikungoja mtu...

Sasa kumbe nimewaambia watu nini miezi hii yote, nimewaambia Getruda na Veneranda na kisima kizima kwamba Wasabato wamenilaghaia mkwe, wamemnyakua, wakanipa pole, na pole zile nilizila kama karanga, nilipenda kuwa mwenye kuonewa, ni kiti kizuri, kina mto... na hapa nimekaa natafuta ndoto ya kumpa askofu, wakati kilichoniongoza kanisani ni swali ambalo mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu ya kuliuliza, tangu nimwoe, na sikuliuliza, nikaja kufundishwa na mchimba dhahabu aliyekosa dhahabu, haya, basi nitalisema, litachekesha, na wacha lichekeshe, Makoye anatabasamu kule mbele, anadhani nitamsifia mahubiri, ngoja, Getruda naye ajue pole zake nitamrudishia, Bhoke hakunyakuliwa, Bhoke aliulizwa, mwenye kosa ni mimi, na wakitaka kujua mwenye kosa alitozwa nini... Elieth bado, ng'ombe ndiyo kwanza anainua kichwa... nitawaambia ya jana tu, Jumamosi, nilivyochunga mwenyewe tangu asubuhi, ng'ombe wakanidharau wakaingia kwenye mahindi ya jirani yangu Nchagwa, nikatukanwa na mtoto wa juzi nikanyamaza kwa ajili ya wokovu, nikarudi nikachota maji, nikasonga ugali ukashika moto chini, dagaa wakazidi chumvi, na Bhoke akarudi kutoka ibadani na watoto wake wanne wanaimba, gauni jeupe, kitabu kwapani, akaketi, akasema, "Mama, leo nimesoma mistari sita mbele za watu, sikukwama," nikajikuta nacheka tena kama siku ile, sijui nini, kisha mimi, mama mkwe, ambaye kwetu namiminiwa maji na yeyote mdogo kwangu aliye karibu, nikachukua birika, nikainama mbele yake na magoti haya, nikammiminia maji akanawa, mkono wa kulia, na wa kushoto, na hakuwa na haraka.