Sweta la Mkono Mmoja

Mke wangu Beatha alifariki Jumanne moja ya Novemba, saa tano asubuhi, mlangoni mwa jiko letu kule Mbaga milimani, sindano za kufumia zikiwa mkononi. Mimi nilikuwa zizini nakatia ng'ombe majani. Niliporudi nilidhani amesinzia, nikamwambia kuku wataharibu ule uzi. Nikarudia mara ya pili, kwa sauti ya mtu mwenye haki. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake: habari za kuku.

Mapajani mwake lilikuwa sweta la tatu la mjukuu wetu Sadock, ambaye wakati huo alikuwa na wiki sita, yuko Makanya, chini tambarare, kwa mama yake. Mawili, moja la njano, alishayamaliza. Hili la kijani lilikuwa na mkono mmoja.

Mpango ulikuwa kwamba Januari Beatha ashuke kulea mtoto, ili binti yetu Jenifer arudi kufundisha likizo yake ya uzazi ikiisha. Mumewe ni dereva wa malori, nyumbani huja mwisho wa mwezi. Baada ya mazishi ndugu walikaa kujadili nani ashuke sasa, nami nikasema nitashuka mimi.

Dada yangu Priska akaniangalia. "Wewe, kaka? Watoto wako wote watano uliwabeba siku ya ubatizo tu, tena kwa ajili ya picha."

"Nitajifunza."

"Kwa nani? Kwa ng'ombe?"

Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa nimeiandaa. Nimefuga miaka thelathini na sijawahi kupoteza ndama. Sababu yenyewe sikuisema. Jikoni kulikuwa na vigoda viwili na nilikuwa sijui nikae kipi.

Nilifika Makanya nimevaa koti. Jenifer alinipokea, akaniamkia, akaniambia hapo hapo stendi, "Baba, huku joto si la kwetu. Mtoto avae nguo nyepesi, moja tu. Mchana bati linawaka, mtoe nje kivulini. Maji asipewe, bado hajafika miezi sita, akilia ni ziwa tu." Nikaitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma shairi. Nilijua ninachokijua. Kwetu juu mtoto anakufa kwa baridi. Upepo ukimpiga kifua ni nimonia, na akichemka unamfunika mpaka jasho litoke, ugonjwa unatoka nalo. Isitoshe, marehemu alifuma masweta matatu. Mtu hafumi masweta matatu kwa mchezo.

Kwa hiyo Jenifer akienda shule, mimi navisha. Shule iko dakika kumi, naye anakuja saa nne na saa sita na nusu kunyonyesha. Nikisikia kandambili zake uani, navua haraka, nasukuma sweta chini ya godoro, nakaa kama shemasi. Vipele vilipomtoka mtoto shingoni, Jenifer akaniuliza vinatoka wapi. Nikasema labda sabuni. Akabadilisha sabuni. Wiki iliyofuata nikasema labda na hii pia.

Alhamisi moja ya Februari Jenifer aliitwa semina Same, kutwa nzima. Alikamua maziwa, akayaweka kwenye friji ya jirani yetu Mwamvita, mama wa watoto sita anayekaanga maandazi asubuhi. "Kila akihitaji, nenda kachukue. Unampa kwa kikombe, taratibu," aliniambia. Habari za kukamua nilizielewa vizuri, nikajiona mtaalamu.

Siku hiyo nilimvisha Sadock lile la kijani. Mkono mmoja ulikuwa na sweta na mwingine hauna, na mimi nikaona angalau nusu yake iko salama. Kufika saa sita nikamgusa kipaji, kinachemka. Nikajua ni homa. Nikafunga dirisha kuzuia upepo, nikaongeza kofia na shuka zito. Alilia sana, nikasema ni homa, si njaa. Kisha akanyamaza. Nikajisifu kwamba amelala, nikakaa pembeni na koti langu, jasho likinidondoka puani, nikimweleza Beatha moyoni kwamba mambo yanakwenda.

Mwamvita alisukuma mlango bila hodi. "Babu, shikamoo. Maziwa yako palepale tangu asubuhi. Mtoto anakula nini?"

"Marahaba. Amelala. Ana homa, nimemfunika atoe jasho."

Akafunua shuka. Akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto. Mikono yake ilikuwa tayari inavua kofia.

"Babu, wewe si mfugaji?"

"Ndiyo."

"Ndama akihema hivi, jua la saa saba, ungemvisha sweta?"

Hapo ndipo nilipomtazama Sadock kwa macho ya zizini. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka haraka, uso mwekundu, mdomo wazi, mkono umelegea kama kamba. Ndama wa namna hiyo ningemjua nikiwa ng'ambo ya bonde. Ningekuwa nimeshamkimbiza kivulini nikiita majirani. Mjukuu wangu nilikuwa nimemfungia ndani saa nzima na kujipongeza.

Mwamvita alimtoa nje chini ya mwarobaini, uchi kabisa, akamfuta kwa kitambaa na maji ya kawaida, shingoni, kwapani, mapajani. "Nipepee," akasema, na mimi nikapepea kwa mfuniko wa sufuria. "Mpepee mtoto, babu, si mimi." Akamnywesha maziwa kidogo kidogo. Alipomeza mara ya tatu nikagundua kwamba nilikuwa nasali kwa sauti, tena kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani.

Hakusubiri zaidi. Aliita bodaboda, tukaenda zahanati sisi wanne, dereva, yeye, mtoto na koti langu lenye mimi ndani. Muuguzi akampima, akampima tena baada ya muda, akasema joto linashuka na hana homa ya ugonjwa. "Alikuwa amevaa nini?"

Nikamwonyesha sweta. Nilikuwa bado nimelishika. Akalitazama upande wenye mkono, akaligeuza upande usio na mkono, akaniuliza taratibu, "Mzee, na hili ni la nini?"

Nikalikunja. Akanifundisha kushika kisogo cha mtoto, si mikono, ili kujua kama amepata joto. Akaniambia nihesabu nepi zenye mkojo, na akilegea tena nisifunike, nisisubiri, nije mbio. Nilimsikiliza huyo binti kama vile nilivyopaswa kumsikiliza yule wa stendi.

Jenifer alirudi saa kumi na moja. Nilikuwa nimeshafunga begi, nikaliweka mlangoni aone. Nikamweleza yote, na vipele, na sabuni zote mbili. Alimchukua mtoto, akamnyonyesha akiwa amenipa mgongo.

"Kama ungemuua, baba?"

"Ndiyo," nikasema.

Akanyoosha mkono bila kugeuka, nikampa sweta. Akapitisha vidole mahali pa mkono usiokuwepo. "Mama alikuambia haya ni ya lini?"

"Ya mtoto."

"Ya Juni, baba. Tukipanda kumbatiza, kwa sababu juu kuna baridi. Mama mwenyewe akija huku alikuwa anavua kitenge cha juu palepale stendi." Akafuta uso. "Alikuwa anaongea na wewe mbele yako, unamjibu ndiyo, ndiyo."

Ni kweli. Nilijibu ndiyo miaka thelathini na minne na sijui nilikubali nini.

"Rudisha begi ndani," akasema. "Na hilo koti livue."

Siku hizi Sadock anavaa fulana ya pamba, na saa za bati kuwaka tuko chini ya mwarobaini, mimi nikishika kisogo chake mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mwamvita akipita hunisalimia kisha humkagua mtoto kabla sijaitikia. Ubatizo ni Jumapili ya pili ya Juni, kule Mbaga. Atavaa sweta la njano. Hili la kijani liko kwenye ndoo yenye mfuniko, kuku wasilifikie, na bado lina mkono mmoja.