Springi ya Nives

Kila jioni, kabla ya kuweka motoni sufuria ya polenta, ule ugali wetu wa mahindi, Gelindo alifungua kabati la kioo, akatoa kisu kimoja, kilekile, na kubonyeza kitufe chake mara moja. Kisu kilijifyatua, tak, naye akasimama akisikiliza mpaka mlio umalizike ndani ya chumba. Halafu alikikunja, akakipangusa kwa kitambaa chenye mafuta na kukilaza tena juu ya mahameli. Siku nyingi hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake yote.

Kabatini mlikuwa na visu vya kila namna, vyembamba na virefu, vyenye mipini ya pembe ya nyati, ya pembe ya paa, ya kombe la baharini linalometameta. Ni visu vya kutazamwa. Ukitaka kukata soseji, tafuta kisu kingine. Hapa Maniago, kaskazini mwa Italia, tumevitengeneza tangu enzi za mababu, na ukizaliwa hapa huna ujanja, ama utavitengeneza, ama utavikusanya, ama utaolewa na mmoja wa hao. Gelindo alikuwa mnoaji. Maisha yake yote aliinama juu ya jiwe la kunolea, maji yakimrukia kifuani, na alipostaafu akaanza kuvitafuta visu vilevile alivyokuwa amevinoa ujanani. Alivifuata kwenye minada na maonyesho, akapanda treni hadi Toscana, hadi Ujerumani, na kila safari alirudi na kimoja kifuani kama aliyerudi na mtoto mchanga.

Lakini kisu cha jioni hakukinunua popote. Alikitengeneza Nives, marehemu mkewe, alipokuwa msichana wa kuunganisha visu kwenye karakana moja karibu na mfereji. Kwa kawaida kisu chetu hupita mikononi mwa watu wengi, huyu anafua chuma, yule ananoa, mwingine anatengeneza mpini, na wa mwisho anaunganisha na kutia springi. Kile Nives alikitengeneza peke yake mwanzo hadi mwisho, wenzake wakishaondoka, akampa Gelindo siku ya uchumba wao. Mpini ulikuwa wa pembe nyeusi yenye doa la rangi ya asali karibu na kitufe. Tangu Nives azikwe, Gelindo aliamini kwamba mikono ya mkewe bado imo ndani ya ile springi, na kila ikifyatuka ni kama amemwita jina. Alimkumbuka mno, tusifichane.

Kosa lake alilijua. Springi ya zamani haichezewi. Mtoto yeyote wa mji huu atakwambia kwamba kila ukikifungua kisu unakila kidogo, ndiyo maana wakusanyaji wenye akili huvilaza vimefungwa na kuviacha vipumzike. Gelindo mwenyewe aliwahi kuwakaripia wageni waliotaka kubonyezabonyeza. Kwa kile kimoja alijipa ruhusa, kama mlevi anavyojipa ruhusa ya glasi ya mwisho.

Ikaja jioni ya Novemba, ukungu umefunika mpaka kengele za kanisa zikasikika kama zimezibwa kwa pamba. Alibonyeza. Tak haikuja. Kulitoka mlio mfupi mkavu, kisu kikachungulia nusu, kikaning'inia.

Gelindo aliogopa kama alivyoogopa kwenye korido ya hospitali siku ya mwisho ya Nives. Alikaa kwenye kiti, kisu mkononi, asithubutu hata kukitikisa. Binti yake Marilena alipopiga simu kutoka Torino kuuliza kama amekula, alimwambia kile kisu cha mama kimevunjika. Marilena akasema kwa upole kwamba mbona baba ana kabati zima, si atoe kingine. Hakukosea, alisema tu kitu ambacho mtu wa mbali husema. Gelindo akamjibu ndiyo, atatoa kingine, akamtakia usiku mwema, na polenta haikupikwa siku ile.

Asubuhi alikibana kisu kwenye jiliwa ndogo juu ya meza ya jikoni, akazisukuma nje pini za shaba moja baada ya nyingine, akainua ile pembe taratibu kama anayeinua bandeji. Springi ilikuwa imekatika vipande viwili, naye alitaka kuvitoa na kuvihifadhi kwenye kisanduku cha pete ya Nives. Angalau chuma alichokishika mkewe kisitupwe.

Akavipeleka kwenye mwanga wa dirisha, na hapo mkono wake ukasimama. Mkia wa ile springi, pale inapopigiliwa ndani ya mpini, ulikuwa umepigwa tupa hadi kona zake zikawa mviringo.

Mkia wa springi hauonekani na mtu, kwa hiyo kila mtengenezaji huuacha mraba, ulivyokatwa. Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyejisumbua kuuzungusha, naye ni Ermes, kwa sababu alipokuwa mwanagenzi springi ilimchana kidole gumba mpaka mfupa. Alitaniwa kwa hilo mpaka uzeeni. Wakimuuliza anampambia nani mahali pasipoonekana, alijibu anakipambia kidole chake.

Na Ermes, jamani, ndiye mtu ambaye Gelindo hakuwa akisalimiana naye. Walikuwa marafiki tangu shule. Kisha siku moja kwenye baa ya uwanjani, Nives akiwa bado hai, Gelindo aliyekuwa amekolewa na divai alitangaza mbele ya watu kwamba springi za Ermes zinalia kama mfuniko wa sufuria ulioanguka jikoni. Akaongeza kwamba springi inayoimba mji huu ni moja tu, ya mke wake, na kwamba angeitambua hata wakimfunga macho. Watu walicheka. Ermes alifungua mdomo, akaufunga, akaweka glasi yake mezani ikiwa na divai na kuondoka. Gelindo alijua amemshinda. Kwenye mazishi ya Nives, Ermes alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, na akaondoka kabla ya watu kupeana mikono.

Sasa Gelindo aliigeuza ile springi, akaigeuza tena. Akafikiria mambo ambayo mzee wa umri wake angepaswa kuona aibu kuyafikiria, nayo yakamchoma vilevile kama angekuwa kijana. Akavaa koti.

Kisu alikiacha mezani, maana visu vya aina ile unaruhusiwa kuwa navyo nyumbani, polisi wakiwa na habari, lakini si kutembea navyo barabarani. Alichukua vile vipande tu ndani ya leso. Alipita njia ya mfereji, milima haionekani kwa ukungu, hadi nyuma ya nyumba ya Ermes ambako taa ya karakana ilikuwa inawaka. Ermes alikuwa ameinama juu ya jiliwa yake, akipiga tupa kitu kidogo ambacho bila shaka hakuna aliyekiagiza. Alikuwa amezeeka vibaya. Hata Gelindo alikuwa amezeeka vibaya, ila yeye hakuwa na mtu wa kumwambia.

"Ingia ufunge mlango, unaniingizia baridi," Ermes alisema, kama vile wameachana jana.

Gelindo akaifungua leso juu ya meza. "Hii ni yako."

Ermes akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akakishika kile kipande chenye mkia. Alikitazama kwa muda mrefu. "Yangu," akasema.

"Iliingiaje kwenye kisu cha mke wangu?"

"Kaa kwanza."

"Sikai."

"Haya, simama, shauri yako. Magoti ni yako."

Ermes akaeleza bila haraka, akiwa amerudi kwenye tupa yake ili asimtazame mwenzake machoni. Nives alikuja mwenyewe, asubuhi moja, na kikapu cha sokoni. Yeye, mwanamke aliyezunguka uwanja mzima ili asipite mbele ya kituo cha polisi hata akiwa amebeba mikate, alikuwa amekificha kile kisu chini ya mboga za radikio. Kilikuwa kimechungulia nusu, vilevile kama jana. Alimwomba atie springi mpya kabla Gelindo hajarudi kutoka maonyesho ya Ujerumani, na akamwapisha asiseme kamwe. Hakuwa anaogopa kugombezwa. Alisema Gelindo anakipenda sana kwa sababu ni kazi ya mikono yake, na akijua springi imebadilishwa kitakufa moyoni mwake.

"Sasa ilivunjikaje?" Gelindo akauliza. "Mimi wakati ule sikuwa nakigusa. Kilikuwa kimelala kabatini."

"Wewe hukukigusa, ndiyo."

"Nani alikuwa anakifungua?"

Ermes akaweka tupa chini. "Yeye, Gelindo. Nani mwingine alikuwa mle ndani? Kila ulipokuwa kwenye minada yako. Aliniambia hivi: 'Jioni nyumba ikinyamaza sana nakifungua mara moja, nakisikiliza, halafu naweka polenta.'"

Gelindo akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Nilimkanya," Ermes akaendelea. "Nikamwambia, dada yangu, springi haivumilii mambo hayo. Akacheka. Akasema, 'Mwambie basi Gelindo akae nyumbani, mimi nitaacha kisu.'"

"Mbona hukuniambia?"

"Si nilimwapia? Halafu wewe ukaja baa kunitukana kwa springi yangu mwenyewe, unaisifu na kuitukana kwa pumzi moja. Siku ile nilitamani kukumwagia ile divai kichwani."

Gelindo aliikunja leso, akaikunjua. Nje mtu alipita na baiskeli, matairi yakanyunyiza maji. Mwishowe aliuliza jambo ambalo alikuwa anaogopa kuliuliza kuliko yote.

"Ile ya kwanza, ya kwake mwenyewe. Ilikuwa inaliaje?"

Ermes akamtazama kwa mara ya kwanza. "Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Laini," Ermes akasema. "Laini kuliko yangu. Kama mtu anayefunga mlango na mtoto amelala. Kwani wewe hukuwahi kuisikiliza?"

Gelindo alijaribu kukumbuka na hakupata kitu. Alikumbuka siku ya uchumba, gauni la bluu, mikono ya Nives yenye harufu ya mafuta ya mashine, doa la asali kwenye pembe. Alikumbuka alivyokiweka mfukoni na kujitapa nacho kwa vijana wenzake. Mlio hakuukumbuka. Ule aliokuwa akiusikiliza jioni zote hizi, ule aliokuwa akiufunga macho na kuuitikia, ulikuwa wa huyu mzee mwenye miwani iliyopinda.

Ermes akasema anaweza kutengeneza nyingine, mikono inatetemeka lakini bado inajua kazi, na kwa kuwa kisu hakitembei barabarani atakuja yeye nyumbani kuitia, siku miguu itakapokubali. Alivikusanya vile vipande na kumrudishia kwenye leso. Kisha, Gelindo akiwa ameshashika kitasa, akasema, "Na ukisharekebishiwa, usikifungue kila siku. Nilimwambia mwenzio, nakwambia na wewe." Gelindo akaitikia kwa kichwa. Aliporudi njia ya mfereji alilia, hadharani, mzee mzima, na ukungu ukamsitiri.

Jioni saa yake ikafika. Alisimama mbele ya kabati kwa mazoea, mkono ukanyanyuka wenyewe. Mahali pa kile kisu palikuwa na alama yake tu kwenye mahameli. Akavitazama vingine. Cha kombe alikipata Toscana, Jumapili yenye mvua, na muuzaji alimpunguzia bei. Cha pembe ya paa ni cha Ujerumani, alilala kwenye treni akiwa amekikumbatia. Kila kimoja alijua alikinunua wapi, kwa nani, kulikuwa na hali gani ya hewa huko. Hapa nyumbani kulikuwaje jioni hizo hakujua, wala hakuwahi kuuliza. Aliporudi, Nives alimvua koti na kumwambia, haya nionyeshe, naye akamwonyesha kisu.

Alihesabu safu ya juu kwa macho, akaacha njiani. Kila kisu mle kabatini kilikuwa ni jioni moja ya Nives peke yake, naye alikuwa amezipanga kwenye kioo na kuzipangusa vumbi.

Alifunga kabati kwa ufunguo. Hakukaa kwenye kiti chake, alivuta kiti cha mkewe, kile kinachotazama mlango, akakaa hapo mikono mapajani, koti likiwa bado mwilini. Polenta ilisubiri. Nyumba ilikuwa kimya kuliko alivyowahi kuisikia, na safari hii hakufungua kitu, alikaa nao ule ukimya, kwa niaba ya aliyekaa nao kabla yake.