Foleni ya Kuwa Mkato

Jengo la ofisi yetu ya bima limejaa vyuma na vioo, na simu ikishavuka mlango tu, mtandao unakata. Waliobaki hewani ni wale wachache waliofaulu kuunganisha simu zao na Wi-Fi ya ofisi, na hao tuliwaheshimu kama watu waliorudi na shahada.

Maana Wi-Fi ile haikutosheka na nywila. Ilidai jina la kazini, aina ya ulinzi, cheti, kisha ikakuuliza kama unaiamini seva. Hapo ndipo mhasibu wetu aligoma. Alisema hajawahi kuiona hiyo seva wala hajui imelelewa na nani, ataiaminije?

Siku ninayoisema, binti yangu wa pekee alikuwa leba katika mji mwingine, na mumewe yuko safarini. Tulikubaliana anipigie kwa video, angalau anione. Nikamwendea fundi wa mtandao, tunayemwita Mkato kwa sababu hajapita njia ndefu tangu azaliwe.

“Ondoa shaka, mama,” akasema. “Nimeshawarahisishia.”

Kweli, alikuwa amebandika ukutani karatasi yenye vile vimraba vyeusi vya kupiga picha. Unaelekeza kamera, unabonyeza mara moja, umeingia. Hata mhasibu aliingia kabla hajauliza ukoo wa seva.

Kumbe haraka haraka haina baraka. Mkato aliitengeneza karatasi ile kutoka kwenye simu yake mwenyewe, kwa jina lake na cheti chake, kwa hiyo sote, hata wale wenye shahada waliojaribu njia fupi, tuliingia tukiwa yeye. Mtandao ulipoona mtu mmoja yuko kantini, chooni na kwa mkurugenzi kwa wakati mmoja, ukashtuka, ukatutoa sote na kuanza kumruhusu Mkato mmoja tu kwa wakati. Na kwa kuwa kuanzia siku hiyo mahudhurio yalihesabiwa kwa Wi-Fi, ofisa utumishi akatutangazia kwamba leo amekuja kazini Mkato peke yake. Sisi wengine ni watoro. Alitutangazia hayo tukiwa tumesimama mbele yake.

Ofisi nyingine ingebandua karatasi. Yetu iliitisha kikao, ikaamua tuwe Mkato kwa zamu, kwa kufuata vyeo. Mkurugenzi akatangulia. Mkato halisi, ambaye angeweza kurekebisha mambo kama angeingia mtandaoni, akawekwa mkiani kwa sababu cheo chake ni kidogo. Hakulalamika. Alisema utaratibu huo ni rahisi kuelewa.

Mimi wa dawati la malalamiko nilikuwa mbele yake kidogo tu. Nikagonga kwa mkurugenzi.

“Bosi, naomba niwe Mkato kidogo. Mwanangu anajifungua.”

Akaniangalia kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli. Akanieleza kwamba akiniachia mimi, mkuu wa idara ya madai ataona amerukwa, na mambo ya kurukana ndiyo yanayoua taasisi. Nikachukua mkoba, nikashuka hadi getini.

Mlinzi akanizuia. Anayetoka kabla ya muda, akanikumbusha, anahesabiwa hayupo.

“Kaka, mimi leo sijaja kazini,” nikamwambia. “Muulize ofisa utumishi.”

Akawaza, akafungua.

Nilipokanyaga barabara, simu ikaanza kutetemeka bila kupumua: binti yangu alinipigia, alinipigia tena, alinipigia tena. Nikampigia. Uso wake ukatokea umelowa jasho, na kifuani pake kitu kidogo kimefungwa kitambaa. Nikalia mbele ya wapita njia bila haya.

“Nimekupigia mpaka nikakata tamaa, mama,” akasema. “Niliogopa sana.”

Nilitaka kumwambia nilikuwa kazini, nikaona aibu. Mjukuu wangu amekuja duniani, mimi niko kwenye foleni ya kuwa mtu mwingine.

“Nisamehe, mwanangu,” nikasema. “Sogeza simu nimwone.”